Herufi T katika Bonde la Kilombero

Agosti 2001 serikali ya Tanzania iliiondoa klorokwini kwenye nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria, ikaiweka SP, mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini. Kwa mgonjwa wa zahanati za njia ya vumbi itokayo Kidatu, ikapita Sanje na Mang'ula hadi Ifakara, badiliko hilo lilionekana dogo. Zamani alirudi nyumbani na vidonge vya siku tatu, vichungu kama shubiri, vilivyowafanya wengi wajikune usiku kucha. Sasa alipewa vidonge vitatu tu, akavimeza palepale mbele ya muuguzi, akaenda zake.

Haikupokewa kwa furaha. Klorokwini ilikuwa na sifa ya kushusha homa upesi, na SP haina tabia hiyo. Mtoto aliyeimeza asubuhi aliweza kuwa bado anachemka jioni, na mama yake akaamini kwamba amepewa dawa ya bure. Tena zilikuwepo habari za watu kubabuka ngozi baada ya kumeza dawa zenye salfa. Madhara hayo ni ya kweli, ingawa ni ya nadra sana, na habari ya nadra husafiri haraka kuliko ya kawaida. Basi wengine waliongezea panadoli, wengine wakaenda duka la dawa baridi kutafuta klorokwini ileile waliyoizoea.

Mwishoni mwa 2006 SP nayo iliondolewa, ikaja dawa mseto, ALu. Klorokwini ilikuwa imetumika kwa miongo kadhaa. Mrithi wake alidumu miaka mitano. Mara nyingi lawama ya jambo hili hutupiwa wagonjwa waliokatisha dozi, lakini kwa SP lawama hiyo haina mashiko, maana dozi yenyewe ilikuwa ya mara moja. Sababu ilikuwa ndani ya mfuko mdogo wa protini moja ya kimelea, mahali ambapo asidi amino moja iliyobadilika ilitosha kuidhoofisha dawa. Ili kuuelewa mfuko huo, ni vizuri kuanza na mwingine unaofanana nao, uliomo ndani ya seli zetu wenyewe, ambao wanasayansi walifanikiwa kuuona mapema zaidi. Ni wa kimeng'enya kinachokarabati DNA ya binadamu. Vimeng'enya hivi viwili havina undugu, lakini kazi yao inahusu herufi moja.

DNA huandikwa kwa kemikali nne ambazo kwa mkato huitwa A, C, G na T. RNA, nakala ya muda inayotumika kutengeneza protini, haina T. Mahali pake ina U, yaani urasili. T ni timini, na tofauti kati yake na urasili ni ndogo mno: kikundi kimoja cha methili, kaboni moja na hidrojeni tatu. Seli hutengeneza T kwa kuchukua U na kuibandika methili hiyo, kazi yenye gharama. Mtu angeuliza kwa nini ijisumbue, ikiwa RNA inaishi na U bila shida.

Jibu lilikuja kupitia Tomas Lindahl, mwanakemia wa Sweden. Katika miaka ambayo wengi waliichukulia DNA kuwa kitu imara kisichoharibika, yeye alianza kupima inavyochakaa yenyewe, katika maji ya kawaida na joto la mwili. Aligundua kwamba herufi C hupoteza sehemu yake moja na kugeuka U. Katika seli moja ya binadamu jambo hili hutokea zaidi ya mara mia moja kila siku. Kwa kasi hiyo, na kwa muda ambao uhai umekuwepo duniani, maandishi yote yangekuwa yameharibika zamani. Lindahl akahitimisha kwamba lazima kiwepo kitu kinachoiondoa U, akakitafuta, na mwaka 1974, akiwa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, akatangaza amekipata katika bakteria. Kimeng'enya hicho hupita juu ya DNA, kikaikata kila U kinayoikuta, kisha vimeng'enya vingine vikaja kujaza pengo. Hapo ndipo faida ya T inapoonekana: kama DNA ingetumia U kihalali, mkarabati asingeweza kutofautisha U iliyoandikwa na U iliyotokana na kuoza kwa C. Mwaka 2015 Lindahl alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, wote kwa kazi ya ukarabati wa DNA.

Kujua kwamba kitu kipo ni jambo moja. Kuliona umbo lake ni jingine. Protini ni ndogo mno kwa darubini ya kawaida, hivyo njia iliyotumika kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini ni ya fuwele. Protini husafishwa, huachwa ijipange polepole ndani ya tone la maji hadi igande kuwa fuwele, kisha mionzi ya eksirei hupitishwa ndani yake. Mionzi hutawanyika na kuacha madoa, na kutoka kwenye madoa hayo hesabu ndefu huonyesha mahali pa kila atomu. Protini nyingine hukataa kabisa kugandisha fuwele, na mtafiti anaweza kumaliza miaka akibadilisha chumvi na joto bila kupata kitu.

Kwa kimeng'enya cha binadamu kinachoondoa U, kazi iliunganisha maabara mbili za mbali: ya Hans Krokan huko Trondheim, Norway, ambako jeni yake ilipatikana, na ya John Tainer huko La Jolla, California. Umbo lilichapishwa 1995. Mwaka uliofuata timu hizo zilionyesha kimeng'enya kikiwa kimeikamata DNA yenyewe, na picha hiyo ilikuwa ya ajabu. Kimeng'enya hakichunguzi herufi ikiwa imelala mahali pake kati ya nyuzi mbili. Huubana uzi, huichomoza nje ile U, na asidi amino moja, lusini namba 272, hujipenyeza katika nafasi iliyoachwa. U iliyochomozwa huingia ndani ya mfuko uliobana sana, na humo ndimo hukatwa.

Uzuri wote uko kwenye mfuko huo. T haiwezi kuingia, kwa sababu methili yake hugongana na tairosini namba 147 inayosimama mlangoni kama bawabu. C nayo hukataliwa na asparajini namba 204 iliyo ndani zaidi. Kundi la Trondheim likafanya jaribio ambalo, kwa maoni yangu, linafundisha kuliko picha yenyewe. Walibadilisha tairosini ile moja wakaweka asidi amino ndogo zaidi, na kimeng'enya kikaanza kukata T, herufi halali. Walibadilisha asparajini ile moja, kikaanza kukata C. Katika protini yenye asidi amino zaidi ya mia mbili, moja tu iliamua nini kiingie na nini kibaki nje.

Turudi kwenye malaria. Namawala, upande wa pili wa Ifakara, wachunguzi wa mbu mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Kimelea kimoja kikifika kwenye ini huzaa maelfu. Vikiingia kwenye damu, kila kimoja huzaa vingine kumi na kadhaa au zaidi kila baada ya siku mbili hivi. Kila kizazi kinahitaji DNA mpya, na DNA mpya inahitaji T nyingi. Hivyo kiwanda cha T ni uhai kwa kimelea, na kiwanda hicho huendeshwa kwa folati.

Folati ndiyo inayobeba ile methili. Binadamu huipata kwenye chakula: matembele, mchicha, kunde, maini. Kimelea hujitengenezea sehemu kubwa ya folati yake. Kila T moja inapotengenezwa, folati iliyotumika hubaki imechoka, na lazima irudishwe katika hali ya kazi na kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi DHFR. Sisi pia tuna DHFR. Ya kimelea imeunganishwa na kimeng'enya kinachobandika methili, vyote viwili katika mnyororo mmoja wa asidi amino 608; zetu ni protini mbili tofauti. Kinachotokea folati ikipungua kinajulikana kutoka kwa binadamu: seli hukosa T, huandika U mahali pake, mkarabati tuliyemtaja huja kuikata, seli hujaza pengo na U nyingine kwa sababu haina T, naye hukata tena. Mikato ikikaribiana kwenye nyuzi zote mbili, DNA hukatika. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walipima U hizo katika DNA ya watu wenye upungufu wa folati na kuzikuta nyingi kupita kiasi. Mkarabati huyo, akikosa vifaa, hugeuka mbomoaji.

Waliotengeneza silaha dhidi ya DHFR hawakuijua sura yake hata kidogo. George Hitchings na Gertrude Elion walifanya kazi katika maabara ya Burroughs Wellcome huko Tuckahoe, New York. Wazo lao katika miaka ya 1940 lilikuwa la kijasiri: kutengeneza kemikali zinazofanana na vipande vya DNA na vitu vinavyoihudumia, ili seli zinazozaana haraka zidanganyike na kuzipokea. Elion alikuwa amekataliwa kazi za maabara kwa sababu ya kuwa mwanamke kabla ya vita kufungua milango, na hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu. Kutoka katika kazi hiyo zilitoka dawa za saratani ya damu, za baridi yabisi ya jongo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 pirimethamini, iliyouzwa kwa jina la Daraprim. Hitchings na Elion walipata Nobel ya tiba mwaka 1988.

Pirimethamini iliingia Tanganyika mapema sana, na hapa historia ya Afrika Mashariki inatangulia historia ya dunia nzima. Huko Mkuzi, karibu na Muheza, daktari wa malaria wa serikali ya kikoloni, David Clyde, aliwagawia wanakijiji dawa hiyo kila mwezi kama kinga. Ndani ya miezi michache vimelea visivyosikia dawa vilianza kuonekana, vikasambaa hadi vijiji jirani ambako dawa haikugawiwa. Clyde na G. T. Shute walichapisha habari hizo mwaka 1954. Dawa ilikuwa na miaka michache tu sokoni. Clyde ndiye huyohuyo ambaye miaka ya 1970, akiwa Marekani, alijitolea mwili wake kuumwa na mbu kwa maelfu katika majaribio ya chanjo ya malaria. Lakini nadhani ripoti ya Mkuzi ingetosha kumpa nafasi katika historia, kama watunga sera wa baadaye wangeisoma kwa makini.

Waliendelea na pirimethamini, safari hii wakiioanisha. Kampuni ya Roche ya mjini Basel, Uswisi, iliichanganya na sulfadoksini, dawa ya salfa inayozuia kimelea kutengeneza folati hatua chache kabla ya DHFR. Ukizuia mtambo mmoja mahali pawili, kimelea kinahitaji mabadiliko mawili ya bahati kwa pamoja ili kipone. Mchanganyiko huo uliitwa Fansidar, na ndio SP.

Basel na Ifakara zilikuwa zimeshafahamiana. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa bondeni tangu miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilitokana na kazi yao. Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama aliyetoka katika ukoo wa kampuni ya Geigy ya Basel, kampuni ileile ambamo Paul Müller aligundua nguvu ya DDT dhidi ya wadudu mwaka 1939, alianzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mwaka 1943, na mwaka 1957 akafungua maabara yake ya shambani Ifakara. Maabara hiyo ilibadilika polepole kuwa ya Watanzania. Mwaka 1996 ikawa kituo huru cha utafiti, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Bonde lililokuwa mahali pa Wazungu kuja kukusanya kupe na mbu likawa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa zaidi barani kwa upande wa malaria. Kama hilo limewafaidi wakulima wa mpunga wa bondeni kwa kadiri lilivyozifaidi tasnifu za vyuo vikuu, ni swali ambalo wazee wa Ifakara hulijibu kila mmoja kwa namna yake.

Faida moja ya wazi inahusu watoto wachanga. Mwaka 1997 Clara Menéndez na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Ifakara waliopewa kila wiki Deltaprim, mchanganyiko wa pirimethamini na dapsoni, walipata malaria na upungufu mkubwa wa damu kwa uchache zaidi. Lakini dawa ilipokatishwa, ugonjwa uliwarudia kwa nguvu, kana kwamba miili haikupewa nafasi ya kujifunza. Jaribio lililofuata, la David Schellenberg, Menéndez, Elizeus Kahigwa na wenzao, lilikuwa rahisi kuliko hilo. Watoto 701 walipewa SP au kidonge kisicho na dawa walipoletwa kliniki kuchanjwa, wakiwa na miezi miwili, mitatu na tisa. Hakuna safari ya ziada kwa mama. Matokeo yalichapishwa 2001, mwaka uleule SP ilipokuwa dawa ya kwanza ya nchi: malaria ilipungua kwa asilimia 59 katika mwaka wa kwanza wa maisha, na upungufu mkubwa wa damu kwa nusu.

Wakati huohuo dawa ilikuwa inaoza kwa ndani. Mwaka 1988 watafiti waliokuwa wakisoma jeni ya DHFR ya kimelea walikuwa wametambua kwamba vimelea sugu vina badiliko moja la pamoja: mahali namba 108, serini imegeuka asparajini. Kisha yakajulikana mengine, namba 51 na namba 59, yanayojiongeza juu ya la kwanza, na la nne la hatari zaidi, namba 164. Kila moja lilipunguza nguvu ya pirimethamini. Lilipunguza kwa njia gani? Umbo la DHFR ya binadamu lilikuwa limeshaonekana, kwa kazi ya watafiti wa Roche, Basel tena, mwaka huohuo wa 1988. La kimelea liliendelea kukataa.

Walioliona ni Wathai. Yongyuth Yuthavong, mwanabiokemia wa Bangkok aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwenye kimeng'enya hicho na baadaye akawa waziri wa sayansi wa nchi yake, alikuwa na sababu ya kujali: Thailand ilikuwa imepoteza SP mapema kuliko Afrika. Mwaka 2003 kundi lake, Jirundon Yuvaniyama akiwa mwandishi wa kwanza, lilichapisha umbo la kimeng'enya kizima, lile pacha lenye sehemu mbili, likiwa na dawa ndani yake.

Waliona kwamba pirimethamini hulala ndani ya mfuko wa DHFR, kichwa chake kimeshikana na asidi amino namba 54, na ncha yake yenye klorini ikielekea kwenye namba 108. Serini ni ndogo, ncha inapita. Asparajini ni kubwa zaidi, ncha inagonga. Pirimethamini ni molekuli ngumu isiyopinda. Ikigonga haina pa kwenda. Folati yenyewe haielekezi chochote upande ule, hivyo kimeng'enya sugu huendelea na kazi yake vizuri vya kutosha. Kulikuwa na kemikali nyingine ya majaribio, WR99210, iliyokuwa ikiviua vimelea sugu bila mtu kujua vizuri ni kwa nini, na picha ilieleza hilo pia: ina mnyororo mrefu unaopinda, ukakwepa ile asparajini. Kimelea kilikuwa kimefanya kwa bahati nasibu kilekile ambacho maabara ya Trondheim ilikifanya kwa makusudi kwenye kimeng'enya cha ukarabati. Asidi amino moja mlangoni, na mfuko ukabadili wateja.

Picha hiyo ilitoka miaka miwili baada ya Tanzania kuiamini SP na miaka mitatu kabla ya kuiacha. Mtu anaweza kukumbuka hapa habari ya nyani wa Sanje. Wanasayansi, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walimtambua mwaka 1979 katika msitu wa Udzungwa juu ya kijiji, karibu na maporomoko ya mto Sanje, na dunia ikashangaa kwamba nyani mkubwa kiasi kile alikuwa hajaandikwa popote. Wenyeji hawakushangaa, kwa kuwa walikuwa wakimsikia akipiga kelele tangu utoto wao. Vivyo hivyo wauguzi wa zahanati walijua kwamba SP inachoka: mtoto aliyetibiwa Jumatatu alirudi baada ya wiki tatu, homa ileile, karatasi ileile ya kliniki.

Usugu huo ulitoka wapi? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kila mahali vimelea vilibadilika vyenyewe kwa kubanwa na dawa, kama vilivyofanya Mkuzi. Cally Roper wa London aliamua kuangalia DNA inayoizunguka jeni ya DHFR, sehemu zisizohusiana na dawa, ambazo hufanya kazi kama alama za ukoo. Mwaka 2003 yeye na wenzake walionyesha kwamba vimelea vyenye mabadiliko matatu katika kaskazini mwa Tanzania na vile vya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ni ukoo mmoja. Mwaka 2004 walivilinganisha na vya Asia, na ukoo ukawa uleule wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Yaani jeni iliyoishinda SP Tanzania haikuzaliwa hapa. Ilikuja ndani ya damu ya msafiri fulani, ikawakuta mbu wa kutosha na dawa ya kutosha, ikaenea. Nasema dawa ya kutosha kwa sababu SP hukaa mwilini wiki kadhaa ikipungua polepole. Bill Watkins, mtafiti aliyekuwa Kilifi, alikuwa ameonya tangu 1993: mtu aliyepona bado amebeba kiasi kidogo cha dawa, na mbu mpya akimuuma, kimelea kisicho sugu hufa na kilicho na badiliko hubaki. Katika bonde ambalo mtu huumwa mara nyingi kiasi kile, kila aliyetibiwa alikuwa chujio.

Kilombero na Ulanga zikawa mahali pa kulipima jambo hili kwa macho. Kuanzia 2003 wilaya ya Rufiji ilijaribu kuitumia SP pamoja na artesunati, wakati Kilombero na Ulanga ziliendelea na SP pekee kama nchi nzima. Allen Malisa wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Salim Abdulla na Hassan Mshinda wa Ifakara, pamoja na Roper na wengine, walifuatilia damu ya wakazi wa wilaya hizo mwaka hadi mwaka, wakaona jeni sugu zikiongezeka baada ya SP kuwa dawa ya kwanza.

Kulikuwa na jaribio la kuokoa lengo lilelile kwa silaha nyingine. Klorproguanili na dapsoni, iliyoitwa Lapdap, iligonga DHFR pamoja na kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na sulfadoksini, lakini ilitoka mwilini haraka ili isiwe chujio. Muheza, Theonest Mutabingwa na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba iliweza kuwatibu watoto ambao SP imewashindwa. Matumaini yalikuwa makubwa. Ikaja kugundulika kwamba dapsoni huvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi Afrika, na mwaka 2008 Lapdap ikaondolewa sokoni.

SP yenyewe haikufa. Ilihama kutoka kwa wagonjwa kwenda kwa wajawazito, ambao hadi leo huimeza kliniki kama kinga, na hapo herufi T inaleta fumbo jingine. Mama mjamzito anahitaji folati zaidi kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndani yake kuna kiumbe kinachoandika DNA usiku na mchana. Hupewa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na asidi foliki. Lakini kimelea nacho hujua kuokota folati iliyo kwenye damu, na ikiwa nyingi dawa huzidiwa. Utafiti wa Kisumu uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba asidi foliki ya miligramu 5 kwa siku hudhoofisha SP kwa wajawazito, wakati kipimo kidogo cha miligramu 0.4 hakina tatizo hilo. Ndiyo sababu ya muuguzi kuuliza mama anatumia kidonge kipi, swali ambalo wengi hulichukulia kuwa la utaratibu tu.

Na watoto wachanga wa Ifakara? Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia yao, SP wakati wa chanjo, itumike Afrika, lakini kwa sharti: mahali ambapo badiliko moja la usugu dhidi ya sulfadoksini, namba 540 katika kimeng'enya ambacho dawa hiyo hukizuia, halijavuka asilimia 50 ya vimelea. Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ilikuwa imeshavuka kiwango hicho. Nchi iliyotangulia kuifanya kinga hiyo kuwa mpango wa taifa ilikuwa Sierra Leone, upande mwingine wa bara, ambako badiliko hilo lilikuwa bado haba. Mwaka 2022 Shirika lilitoa mwongozo mpya, kinga ikapewa jina jipya, na sharti la asilimia 50 likaondolewa.